Kipozeo gani cha maji kinafaa kwa Ryzen 9 7950X inayorenda usiku kucha katika joto la Dar es Salaam?

Mchora Majengo (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za kazi. Ninaomba ushauri wenu kuhusu upozaji wa prosesa ya kompyuta ya mezani, kwa kuwa nimefika mahali pa kutoa fedha na nisingependa kuzitoa kabla ya kuelewa ninachonunua.

Kazi yangu ni kuandaa picha za majengo ambayo bado hayajajengwa, kwa ajili ya wasanifu na wateja wao. Ninatumia Corona, programu ambayo hurenda (yaani hukokotoa picha ya mwisho) kwa prosesa peke yake na kuiacha kadi ya michoro ikipumzika, kwa hiyo picha moja kubwa huweza kuziweka kazini kore zote 16 za prosesa yangu, Ryzen 9 7950X, tangu jioni hadi alfajiri. Chumba changu hakina kiyoyozi. Kina feni ya dari na madirisha mawili, na katika miezi hii ya Desemba hadi Machi kipimajoto cha ukutani husoma nyuzi 31 au 32 hata baada ya jua kuzama. Prosesa nimeifunga kipozeo cha hewa cha mnara mmoja chenye feni ya milimita 120. Dakika chache baada ya kuanza kurenda, joto hupanda hadi nyuzi 95 na kuganda hapo hapo, kasi hupungua, na feni huvuma kwa sauti inayosikika chumba cha pili.

Madukani Kariakoo nimeonyeshwa vipozeo vya maji vilivyofungwa kiwandani, vyenye rejeta (sehemu yenye mapezi ambamo maji hupozwa na feni) za milimita 240 na 360. Rafiki yangu mmoja ananishawishi niunde mfumo wangu mwenyewe, wenye pampu, tangi na mirija ya kukata kwa mkono, akisema kwamba huo ndio upozaji wa kweli. Mwingine ananitaka niachane na maji kabisa, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevunyevu mwingi na anaamini kwamba mirija yenye maji baridi itatoa jasho juu ya bodi mama.

Ningependa kujua, kwanza, kama rejeta ya 240 inatosha kwa prosesa hii au ninalazimika kwenda 360. Pili, je, hofu ya jasho ina msingi? Tatu, umeme wetu hukatika bila taarifa, nami ninajiuliza kama prosesa inaweza kuungua iwapo pampu itasimama ghafla wakati maji yamekwisha kupata moto. Kasha langu lina nafasi ya rejeta ya 360 mbele na nyingine juu, ila juu, kati ya dari ya kasha na ukingo wa bodi mama, nimepima milimita 60 tu.

Fundi wa Makupa (Mombasa)

Ndugu Mchora Majengo, nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza moja kwa moja, kwa sababu lisipoeleweka hata kipozeo cha bei kubwa kitakuvunja moyo.

Hizo nyuzi 95 zisikutishe. AMD, watengenezaji wa prosesa yako, walipoitoa familia ya Ryzen 7000 mwezi Septemba 2022, walieleza kwamba prosesa hizi zimekusudiwa kuweza kufanya kazi kwenye kikomo hicho bila kudhurika. Prosesa yako hujiongezea kasi mpaka igote kwenye mpaka mmojawapo, na katika kazi inayotumia kore zote mipaka inayohusika hasa ni miwili: joto la nyuzi 95 na umeme wa wati 230. Zile wati 170 unazoziona kwenye maelezo ya bidhaa ni kipimo cha kuchagulia kipozeo. Matumizi yenyewe huruhusiwa kufika 230. Kipozeo chako cha mnara mmoja, katika chumba cha nyuzi 32, hugota kwenye joto mapema kabla umeme haujafika huko. Ukifunga kipozeo kikubwa bila kubadilisha kitu kingine, prosesa itaitumia nafasi hiyo kula umeme zaidi, nawe utatazama skrini ukaona nyuzi 90 na ushei, ukadhani umetapeliwa, kumbe picha inakamilika mapema kuliko zamani.

Kwa hiyo amua kwanza unatafuta nini: kasi, utulivu wa sauti, au joto dogo. Kabla ya kununua chochote, ingia kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya bodi mama), tafuta hali ya Eco, yaani ya kubana umeme, na uchague ile ya wati 105, ambayo kwa vitendo huweka kikomo cha umeme kwenye wati 142. Renda picha ile ile kwa mpangilio ulio nao sasa, kisha kwa Eco, uandike muda na joto. Kasi inayopotea huwa ni ndogo ikilinganishwa na umeme unaookolewa, kwa sababu wati za mwisho kabisa huliwa na volti ya juu inayohitajika kusukuma megahezi chache za kileleni. Jaribio hili halina gharama, na ndilo litakalokuonyesha ukubwa wa kipozeo unachokihitaji.

Sasa tuingie kwenye maji yenyewe. Maji katika kompyuta ni hamali tu: hulipokea joto kwenye prosesa, hulibeba kupitia mirija na kulitua kwenye rejeta, na kuanzia hapo kazi ya kulitawanya ni ya hewa ya chumba chako. Ndiyo maana kipozeo cha namna hii hakiwezi kamwe kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka pia kwenye prosesa, mradi umeme inaoula ni ule ule. Ukisoma majaribio yaliyofanyika katika chumba cha nyuzi 22, usichukue namba ilivyo. Chukua tofauti kati ya joto la prosesa na joto la chumba, kisha ujumlishe 32 zako.

Jibu la swali la jasho limo humo humo. Umande hutokea juu ya kitu kilichopoa kuliko hewa inayokizunguka, kama bomba la kiyoyozi, ilhali maji ya kipozeo chako yatakuwa na joto sawa na la chumba kompyuta inapowashwa na yatazidi kupata moto kadiri kazi inavyoendelea. Hakuna kitakachotoa jasho. Ninaishi Mombasa, ambako unyevunyevu hauna tofauti kubwa na wa kwenu, na ushauri huo wa kuogopa umande nimeusikia mara nyingi kutoka kwa watu waliouchanganya mfumo huu na ile ya kugandisha.

Kuhusu umeme kukatika, usiwe na wasiwasi. Umeme ukiondoka, prosesa huacha kuzalisha joto papo hapo, na joto lililobaki ndani ya maji hupotea lenyewe taratibu. Hata pampu ikifa kompyuta ikiwa kazini, prosesa itajipunguzia kasi na, ikishindikana, itajizima kabla ya kuharibika.

Tuje kwenye ukubwa. Uso wa rejeta ya 240 ni sentimita za mraba 288, wa 280 ni 392, na wa 360 ni 432. Wanunuzi wengi hawaitazami 280, ingawa iko karibu zaidi na 360 kuliko ilivyo karibu na 240, na feni zake za milimita 140 husukuma hewa nyingi zikizunguka polepole. Hata hivyo, usitarajie kwamba uso ulioongezeka kwa nusu utapunguza joto la prosesa kwa nusu. Lita moja ya maji ikipita kwa dakika na kubeba wati 230, hupanda joto kwa nyuzi 3 na kidogo tu. Maji hayo hayajalemewa hata kidogo. Msongamano uko mwanzoni mwa safari, ambapo sehemu kubwa ya joto inatoka kwenye vipande viwili vidogo vya silikoni vyenye kore 8 kila kimoja, kisha inalazimika kupenya kifuniko cha metali ambacho ni kinene ili vipozeo vya soketi ya zamani ya AM4 viendelee kufaa kwenye AM5, soketi ya prosesa yako. Rejeta kubwa haiwezi kuupanua mlango huo. Faida yake kuu utaisikia masikioni, kwa kuwa feni hazitahitaji kukimbia.

Kwa wati 142, rejeta ya 240 itakutosha hata katika chumba cha nyuzi 32. Kwa wati 230 usiku kucha, nenda 360 kama inaingia, au 280.

Kaskazi (Tanga)

Ninakubaliana na mengi aliyoyaeleza Fundi, lakini naona ameliruka swali moja ambalo mtu anayeishi kwa kompyuta yake anapaswa kulijibu kwanza: kitu hiki kikiharibika katikati ya kazi ya mteja, utafanya nini?

Kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani kina pampu, na pampu ni mashine inayochakaa. Maji yake nayo hupungua kidogo kidogo kwa kupenya kwenye kuta za mirija mwaka hadi mwaka, hata pasipo kuvuja tone moja, na mingi ya mifumo hii haikutengenezwa ili mtumiaji aiongezee maji. Siku pampu inapokufa, umepoteza kipozeo kizima. Kipozeo kikubwa cha hewa, kwa upande wake, ni kipande cha metali kisichoharibika pamoja na feni mbili. Feni ikifa, nyingine inapatikana karibu kila duka la kompyuta na kazi inaendelea siku hiyo hiyo.

Noctua NH-D15, kipozeo kikubwa cha hewa, imekuwa sokoni tangu 2014 na ina dhamana ya miaka 6. Kimo chake ni milimita 165, kwa hiyo pima upana wa kasha lako kabla ya kuagiza. Kampuni hiyo huuza pia vyuma vya kufungia kwenye AM5 vinavyokisogeza kipozeo kwa milimita 7, kwa sababu vile vipande viwili vya silikoni alivyovitaja Fundi havikai katikati ya kifuniko bali vimeegemea upande mmoja, na kitovu cha kipozeo kikiwa juu yake joto hushuka kwa nyuzi moja hadi tatu. Baadhi ya watengenezaji wa vipozeo vya maji wamefuata njia hiyo, na wewe unapochagua, uliza kama hicho unachokitaka kina vyuma vya namna hiyo.

Msimamo wangu ni huu: ukiridhika na wati 142, huhitaji maji. Ukitaka wati zote 230 katika chumba cha nyuzi 32, hapo hewa itashindwa na maji yana haki yake.

Mhandisi Lang'ata (Nairobi)

Nami ningependa kuzungumzia mfumo wa kujiundia, kwa kuwa nimeuunda na ninaupenda, na kwa sababu hiyo hiyo ninamshauri muulizaji asiuchukue kwa kompyuta ya kazi.

Mfumo huo ukiundwa vizuri ni kitu cha kuridhisha sana. Unachagua pampu, unachagua rejeta mbili au tatu, na kila kiungo kinaweza kubadilishwa peke yake. Lakini kila kiungo ni mahali panapoweza kuvuja, na fundi ni wewe mwenyewe. Maji ya bomba hayafai. Yanatakiwa maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu, la sivyo utando wa kijani utaota kwenye vijia vyembamba vya bamba linalokaa juu ya prosesa. Usichanganye alumini na shaba katika mzunguko mmoja wa kujiundia, kwani metali hizo zikikutana ndani ya maji yale yale, alumini huanza kuliwa. (Vipozeo vya kiwandani vingi vina bamba la shaba na rejeta ya alumini, ila maji yake hutiwa viwandani kemikali za kuzuia kutu na hayaguswi tena.) Mirija migumu ya PETG hulainika maji yakipata moto sana, jambo ambalo katika chumba cha nyuzi 32 si la kulipuuza kama wanavyolipuuza watu wa nchi za baridi. Kisha kuna siku za kumwaga maji, kusafisha na kujaza upya, na siku hizo huwezi kurenda.

Wala uvujaji si hadithi ya kutungwa. Mwaka 2004 Apple iliuza Power Mac G5 ya gigahezi 2.5 ikiwa na upozaji wa maji kutoka kiwandani, na baada ya miaka kadhaa baadhi ya mashine hizo zilivuja na kuharibu bodi zake. Vipozeo vya leo vimeimarika mno kuliko hivyo, na mimi nisingemzuia mtu kununua cha kiwandani kwa hofu hiyo. Ninachosema ni kwamba kazi ya kuzuia uvujaji aachiwe kiwanda.

Nina angalizo moja kuhusu vipimo vinavyotolewa na sisi wa Nairobi. Tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ya usawa wa bahari, kwa hiyo feni ile ile kwa mizunguko ile ile inabeba joto jingi zaidi kule kwenu kuliko huku. Vyumba vyetu ni vya baridi, hivyo namba zetu huonekana nzuri licha ya hayo. Usizilinganishe moja kwa moja na zako.

Kuhusu kasha lako, angalia unene. Arctic Liquid Freezer III, kipozeo cha maji cha kiwandani ambacho kimesifiwa na wengi na kina dhamana ya miaka 6, kina rejeta nene ya milimita 38. Ukiongeza feni za milimita 25 unapata 63, na juu una 60 tu. Haiingii. Rejeta za kawaida zina unene wa milimita 27, na pamoja na feni ni 52. Kwa hiyo juu chagua nyembamba. Kama ni ya 280, hakikisha kwamba haigusi vijiti vya RAM, maana ni pana kuliko za 240 na 360.

Mchora Majengo (Dar es Salaam)

Wakuu, ninawashukuru nyote kwa dhati. Nimefanya jaribio la Eco kama Fundi alivyoelekeza. Picha iliyokuwa ikichukua kama saa sita imechelewa kwa robo saa hivi, na joto sasa linakaa kwenye nyuzi 88 kwa kipozeo hiki hiki nilicho nacho, ingawa feni bado inavuma. Sikutegemea kwamba tofauti ingekuwa ndogo kiasi hicho.

Hata hivyo, kuna majuma ambayo wateja huja kwa pamoja na hiyo robo saa huzidishwa kwa picha nyingi, kwa hiyo ningependa kuwa na uwezo wa kurudi kwenye wati 230 nikihitaji, na kukaa kwenye 142 siku za kawaida kwa utulivu. Nimeshawishika kwamba mfumo wa kujiundia haunifai. Ninaelekea kwenye Liquid Freezer III ya 360. Urefu wake ni milimita 398, nami mbele nina 410, na kadi yangu ya michoro ni fupi, hivyo unene hautaleta shida huko. Ila nimesoma kwamba rejeta ikikaa mbele huingiza hewa ya moto ndani ya kasha. Je, ni afadhali nitafute nyembamba niiweke juu?

Fundi wa Makupa (Mombasa)

Kwa kazi yako, weka mbele bila kusita. Hiyo hewa ya moto inayosemwa huumiza kadi ya michoro, na wanaoionya ni watu wa michezo, ambao kadi zao hufanya kazi kubwa kuliko prosesa. Wewe unarenda kwa Corona, kadi yako imelala usiku kucha, na rejeta ikiwa mbele itavuta hewa ya chumba moja kwa moja badala ya hewa iliyokwisha kupashwa ndani ya kasha. Acha feni ya nyuma na za juu zitoe hewa nje. Ukija kubadilisha kazi ukaanza kurenda kwa kadi, ndipo utakapolifikiria upya jambo hili.

Elekeza mirija itokee upande wa chini wa rejeta, na uhakikishe kwamba ncha ya juu ya rejeta iko juu kuliko pampu. Hewa kidogo iliyomo ndani ya mfumo hupanda mahali palipo juu kabisa. Ikipanda ndani ya rejeta haina madhara, lakini ikikusanyika kwenye pampu utasikia sauti ya mapovu na pampu itachakaa kabla ya wakati wake. Katika bayosi, mpangilie pampu mwendo wa juu usiobadilika, na feni uziache zipande polepole. Usihukumu matokeo kwa dakika tano za kwanza, kwa kuwa maji huchukua muda kupata moto. Soma joto baada ya nusu saa ya kurenda au zaidi. Vumbi lisafishwe kwa brashi laini au kipulizio kabla halijaziba rejeta, nawe uzishike feni kwa kidole unapopuliza ili zisizunguke kwa nguvu ya upepo huo.

Hoja ya ndugu Kaskazi kuhusu pampu kufa katikati ya kazi ni ya kweli, na kwako ina jibu rahisi. Kipozeo chako cha sasa usikiuze. Kwa Eco umeona mwenyewe kwamba kinaimudu prosesa, basi kiweke kabatini pamoja na pesti kidogo ya kupaka kati ya prosesa na kipozeo, skrubu zake, na yale mabano ya plastiki yaliyokuja na bodi mama, ambayo utayafungua unapofunga cha maji na ambayo ni rahisi sana kupotea.